Kamina Ingejibu Nini

Mwaka 1995 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitoa uamuzi juu ya nchi yetu, Kongo, iliyokuwa bado ikiitwa Zaire. Malalamiko manne yalikuwa yamefikishwa mbele yake kati ya 1989 na 1993, nayo ikayaunganisha kuwa shauri moja. Ndani yake mlikuwa na mambo ambayo mtu huyatarajia katika kesi za namna hiyo: watu kuteswa, watu kuuawa, watu kufungwa bila hukumu, Mashahidi wa Yehova kunyanyaswa kwa ajili ya imani yao. Lakini mlikuwa pia na mambo ambayo wengi wetu tulishazoea kuyaita shida za maisha tu. Serikali, walisema walalamikaji, imeshindwa kuwapatia watu maji safi na umeme. Hospitali hazina dawa. Vyuo vikuu na shule za sekondari zimefungwa miaka 2. Tume ikakata shauri kwamba kukosekana kwa maji, umeme na dawa ni kuvunja kifungu cha 16 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu, kile kinacholinda afya, na kwamba kufunga vyuo na shule ni kuvunja kifungu cha 17, kinacholinda elimu.

Sehemu hiyo ya uamuzi ni fupi mno. Msomaji mwenye haraka ataipita bila kuiona. Mimi huirudia, kwa sababu inasema wazi kwamba bomba kavu linaweza kufikishwa mbele ya watu wa sheria kama vile mtu aliyepigwa anavyoweza kufikishwa. Tena kuna jambo moja katika shauri lile ambalo limekaa moyoni mwangu kuliko uamuzi wenyewe. Tume iliiandikia serikali mara kadhaa ikiomba maelezo yake. Serikali haikujibu.

Wakati serikali ilipokuwa imenyamaza, umeme mwingi ulikuwa ukipita juu ya vichwa vya watu wa upande huu wa nchi. Laini ya Inga hadi Kolwezi ilikamilika mwaka 1982. Ina urefu wa kilomita 1,700 hivi. Inaanzia kwenye bwawa la Inga, si mbali na mahali mto Kongo unapoingia baharini, inavuka Bandundu na Kasai, inapita upande wa Kamina, mji wetu, halafu inafika Kolwezi kwenye shaba. Umeme wake ni wa mkondo mnyoofu, ambao hauchotwi njiani kama maji ya mfereji. Ili kuutumia unahitaji kituo kikubwa cha kuugeuza, nacho ni cha gharama kubwa. Kimoja kilijengwa Inga, kingine Kolwezi. Basi watu walio chini ya nguzo zile wanapikia makaa, na watoto wao wanasoma kwa kibatari au, siku hizi, kwa taa ndogo ya jua iliyonunuliwa sokoni. Fundi atakueleza sababu, na maelezo yake ni ya kweli. Lakini uamuzi wa kuupeleka umeme mgodini na kuwaruka watu wa njiani ulifanywa na wanadamu, na mwanadamu huulizwa.

Kuulizwa, na kujibu, ndilo jambo ninalotaka kulitafakari hapa.

Zaire ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni tarehe 1 Novemba 1976. Mkataba huo ulikuwa umepitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 16 Desemba 1966, ukaanza kufanya kazi Januari 1976. Kila nchi iliyojiunga iliahidi kuchukua hatua, kwa kiwango cha juu kabisa cha mali iliyo nayo, ili haki za kazi, chakula, nyumba, afya na elimu zitimie hatua kwa hatua. Ahadi hiyo ina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa huruma: nchi maskini haidaiwi leo kile isichoweza kukitoa leo. Upande wa pili ni mkali, na ndio unaotuhusu. Mali iliyo nayo! Nchi inayotoa sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia inapoulizwa kuhusu kiwango cha juu kabisa cha mali yake, haiwezi kujibu kwa kuonyesha mifuko mitupu na kuishia hapo. Inabidi ieleze mali hiyo inapitia wapi. Na mwaka 1990 Kamati inayosimamia mkataba iliongeza kwamba kuna kiwango cha chini ambacho kila serikali inapaswa kukihakikisha: chakula cha lazima, huduma ya kwanza ya afya, mahali pa kulala, elimu ya msingi. Serikali ikishindwa hata hapo, ni juu yake kuonyesha kwamba ilijitahidi kwa kila ilicho nacho.

Kamati yenyewe ni wataalamu 18, na hukutana Geneva. Haina askari wala gereza. Husoma ripoti ya serikali, husoma pia ripoti za mashirika ya raia, huita ujumbe wa serikali na kuuhoji, kisha huandika maoni yake. Kwa desturi nchi huripoti kila baada ya miaka 5. Kongo iliunganisha ripoti yake ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano katika kitabu kimoja, kikajadiliwa Novemba 2009. Ripoti ya sita ilijadiliwa mwaka 2022. Mtoto aliyezaliwa katika hospitali moja ya Kamina siku zile ujumbe wetu ukijieleza Geneva, kama Mungu alimjalia kuishi, alikuwa anamaliza shule ya msingi ujumbe uliofuata ulipoketi kwenye viti vile vile. Maisha yake yote ya utotoni yalipita kati ya swali na swali.

Najua pingamizi, na silidharau. Wazee wengi hukunja uso wakisikia kwamba Wazungu wa Geneva wanatukagua. Wana sababu. Nchi hii ni miongoni mwa za kwanza duniani kukaguliwa. Mwaka 1890 George Washington Williams, Mmarekani mweusi, alimwandikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji barua ya wazi baada ya kuyaona mambo ya huku kwa macho yake. Mwaka 1904 ripoti ya Roger Casement, konseli wa Uingereza, ikaeleza unyama uliotendwa katika kukusanya utomvu wa mpira. Tumechunguzwa tangu enzi za mababu zetu, na kila mara walioleta uchunguzi walitoka ng'ambo ya bahari, kama walivyotoka wezi. Hata leo, kampuni ya Glencore, yenye migodi mikubwa Kolwezi, ina makao yake Baar, Uswisi, nchi ile ile ambamo Kamati huketi. Desemba 2022 kampuni hiyo ilikubaliana na serikali yetu kulipa dola milioni 180 kumaliza madai ya rushwa ya miaka ya 2007 hadi 2018. Mtu akiuliza kwa nini aliyetoa mlungula haketi kwenye kiti cha kuhojiwa pamoja na aliyepokea, ameuliza swali la haki. Kamati imelifikia kwa sehemu: mwaka 2017 ilieleza kwamba nchi zina wajibu pia juu ya yale ambayo kampuni zao hufanya nje ya mipaka. Ni mwanzo, na bado ni mdogo.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba mtawala kuhojiwa ni desturi ya kigeni. Hapa tulipo ni nchi ya Waluba. Kabla reli haijafika, kabla ya Leopold, wafalme wa Kiluba walikuwa na watu wa Mbudye, chama cha wenye kumbukumbu. Waliopanda daraja za juu katika chama hicho walijua kusoma lukasa, ubao wa mti uliochongwa kwa kiasi cha kutosha kushikwa kwa mkono mmoja, umebana katikati, umejaa shanga na kombe na alama za kuchonga. Msomaji aliushika mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga moja baada ya nyingine, akasimulia: nasaba za wafalme, safari zao, mahali patakatifu, miiko ya kiti. Shanga kubwa ilikuwa mfalme au mji wake, shanga ndogo zilizoizunguka zilikuwa watu wake. Ubao mmoja uliweza kusomwa kwa namna tofauti kulingana na msomaji na shughuli iliyopo. Na waliohifadhi habari za ufalme hawakuwa mapambo ya ikulu. Walikuwa uzito wa upande wa pili. Mfalme aliketi akijua kwamba kuna watu wanaojua waliomtangulia walitawala vipi, na kwamba watu hao wana kinywa.

Nikiwaza hayo, ripoti ya Geneva hainitishi tena wala hainifedheheshi. Ni kazi ambayo babu zetu waliifahamu, inayofanywa mbali mno na nyumbani. Umbali ndio unaonisumbua.

Tazama jinsi jibu linavyotengenezwa. Wizara Kinshasa zinakusanya takwimu, zinahesabu wastani wa taifa, zinaorodhesha sheria zilizopitishwa. Sheria zipo, tena nzuri. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 43 kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Kifungu cha 47 kinalinda afya. Cha 48 kinataja nyumba ya heshima, maji ya kunywa na umeme. Cha 58 kinasema Wakongo wote wana haki ya kufaidi utajiri wa taifa, na dola ina wajibu wa kuugawa kwa usawa. Ukisoma vifungu hivyo kwa sauti kwenye kisima kimojawapo cha Kamina, saa kumi na mbili asubuhi, ambako bidoni za njano zimepangwa foleni na kila moja ina alama ya mwenyewe, kitambaa chekundu, kamba, jina lililoandikwa kwa rangi, watu watakusikiliza kwa adabu. Hawatakucheka. Wataendelea kusogeza bidoni zao. Ahadi ni deni, na hawa ndio wenye kudai. Lakini hakuna mtu wa wizara aliyekuja kuwauliza wanadai kiasi gani.

Wastani wa taifa humeza mikoa. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa mikoa minne: Haut-Katanga, Lualaba, Tanganyika na Haut-Lomami, na Kamina ikawa makao makuu ya huu wa mwisho. Tulifurahi, maana serikali ingekuwa karibu. Lakini migodi mikubwa ya viwandani ilibaki kusini, katika Haut-Katanga na Lualaba. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa mkoa ulio na mgodi, asilimia 15 kwa mamlaka za mahali penyewe, asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mkoa usio na mgodi mkubwa hauna chake katika ile 25. Katiba ilitarajia ugumu huo, ikaweka katika kifungu cha 175 kwamba asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ibaki mikoani, na katika kifungu cha 181 ikaunda mfuko wa kusawazisha mikoa. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua tangu mwanzo. Fedha hupanda Kinshasa kwanza, kisha hushuka kwa kiasi na kwa wakati unaoamuliwa huko. Geneva ikiuliza kuhusu Kongo, kobalti ya Kolwezi inajibu kwa sauti kubwa hata mahindi ya Kamina na samaki wa Bukama hawasikiki.

Na maradhi nayo yana ramani yake. Mabonde ya Lualaba na maziwa ya Upemba, upande wa Bukama na Malemba-Nkulu, ni mahali ambapo kipindupindu kimekaa kwa miongo mingi. Hakiji kama mgeni, ni mwenyeji. Mwaka 2017 mkoa huu ulikuwa na mlipuko wa polio itokanayo na virusi vya chanjo, virusi ambavyo husambaa pale ambapo watoto wengi hawajafikiwa na chanjo. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji sayansi mpya. Maji safi, choo, friji ya chanjo inayofanya kazi, barabara ya kumfikishia muuguzi. Orodha hiyo haiko mbali na ile ya Tume ya mwaka 1995.

Kisha reli. Kamina ni mji wa reli. Njia inayotoka Lubumbashi hugawanyika hapa, moja kwenda Kananga hadi Ilebo, nyingine kwenda Kabalo, na toka huko Kalemie na Kindu. Mkataba wa 1966 hautaji treni. Lakini karibu kila kinachotajwa ndani yake, kwetu hupanda treni: dawa, chumvi, madaftari, mafuta, samaki wakavu, mgonjwa anayetafuta daktari wa mji mkubwa. Treni ikichelewa wiki, bei sokoni inajua. Na wafanyakazi wa reli, waliobeba nchi hii mabegani, wamekaa miaka na miaka wakidai mishahara ya nyuma. Wengine wamestaafu, wengine wamezikwa, na madai yao yamerithiwa na wajane. Mkataba unasema juu ya ujira wa haki na maisha ya heshima kwa mfanyakazi na jamaa yake. Sijui mahali pengine ambapo maneno hayo yangekuwa na uzito zaidi kuliko kwenye nyumba za matofali za kambi ya reli.

Mwaka huo huo wa 2022 ambao Kamati ilitujadili, usiku wa tarehe 10 Machi, treni ya mizigo iliyotoka Luena, katika mkoa wetu, kuelekea Tenke ilipata ajali karibu na kijiji cha Buyofwe, mkoani Lualaba. Ilikuwa inapanda mlima. Mabehewa yakaanguka bondeni. Haikuwa treni ya abiria, lakini mamia ya watu walikuwa wamepanda, kwa kuwa treni za abiria ni chache na barabara ni mbovu. Takwimu rasmi zilitaja vifo 75. Taarifa za habari ziliwaita abiria wa kificho, na kwa sheria ya reli ndivyo walivyokuwa. Mimi nafikiri juu ya mtu anayepanda behewa la mizigo usiku, na gunia lake, na mtoto wake, akijua hatari yake vizuri kuliko mwandishi yeyote. Amefanya hesabu. Amelinganisha hatari ya behewa na hakika ya kukosa. Hesabu hiyo ndiyo ripoti ya kweli ya haki za kiuchumi na kijamii ya nchi hii, na aliyeiandika hakuombwa kuisoma popote.

Lakini nisingekuwa mkweli kama ningesema kwamba maswali hayana matunda. Elimu ya bure iliandikwa kwenye katiba mwaka 2006, na kwa miaka 13 wazazi waliendelea kulipa minervali, yaani karo, na primu, yaani nyongeza ya mwalimu. Mtoto ambaye hakulipa alirudishwa nyumbani mbele ya wenzake. Kongo iliulizwa jambo hilo nje na ndani, mwaka baada ya mwaka, na Kamati na walimu na maaskofu na wazazi. Septemba 2019 serikali ya Rais Félix Tshisekedi iliamua kulitekeleza. Siwezi kupima swali lipi lilikuwa na nguvu zaidi, wala si lazima. Najua tu kwamba ahadi iliyoulizwa mara nyingi haikuweza kuzikwa kimya kimya. Watoto walifurika. Madarasa yalijaa hadi sakafuni, na walimu wengi ambao hawajaingizwa kwenye orodha ya mishahara, wale tunaowaita NP, walifundisha kwa mikono mitupu kwa sababu hata primu ya wazazi ilikuwa imekoma. Deni la mzazi lilihamishiwa kwa mwalimu. Hilo nalo linataka kuulizwa, na kwa sauti ile ile.

Wapo wanaoogopa kwamba kuyasema haya nje ni kuivua nchi nguo. Wahenga walilimaliza jambo hili: mficha maradhi, kifo humuumbua. Aibu haiko katika mgonjwa kumweleza mganga. Nionavyo mimi, anayeulizwa ameheshimiwa, kwa maana ameonwa kuwa mtu mwenye uwezo wa kujibu. Serikali ya 1995 ilipokaa kimya mbele ya Tume ilijinyima heshima hiyo yenyewe. Ujumbe unaokwenda Geneva leo na kujibu, hata majibu dhaifu, umepiga hatua ambayo sitaki kuidharau. Ila heshima ile ile inapaswa kuteremka. Waziri anayekubali kuhojiwa na wataalamu 18 wasiokaa Kongo akubali pia kuhojiwa na wauza mahindi wa Kamina, ambao hawahitaji mkalimani kuelewa bajeti, bali mtu wa kuwasomea kwa Kiswahili na kwa Kiluba.

Maoni ya Kamati hutoka kwa lugha za Umoja wa Mataifa, na kwetu Kifaransa kinatosha kwa ofisi. Mwisho wa maoni hayo Kamati kwa kawaida huiomba serikali iyasambaze katika ngazi zote, hadi mikoani. Hakuna gharama kubwa hapo. Redio za Kamina zipo, makanisa yapo, na makanisa ndiyo yanayoendesha sehemu kubwa ya shule na vituo vyetu vya afya, kwa hiyo yanajua tayari yaliyomo kabla hayajasomwa. Kwa hesabu ya miaka 5, ripoti inayofuata inaangukia mwaka 2027. Kamati hupokea taarifa za mashirika ya raia kabla ya kuihoji serikali, na hakuna kanuni inayosema taarifa hizo zitoke Kinshasa. Chama cha wastaafu wa reli kinaweza kuandika. Kamati ya wazazi inaweza kuandika. Wauguzi wa Malemba-Nkulu wanaweza. Waandike ni walimu wangapi wa NP katika kila shule, friji ngapi za chanjo zinafanya kazi, ni siku ngapi mwezi uliopita bomba lilitoa maji, ni miezi mingapi ya mshahara anayodai kila mstaafu na ni wangapi waliofariki wakisubiri. Nakala ya kwanza wampe gavana, hapa hapa mjini, asome kabla ya Geneva, na wamwombe jibu kwa maandishi.